Kilima Kilichofagiliwa Sana

Kila asubuhi, kabla hata ya kuchemsha chai, Luu alichukua reki yake ya mianzi na tenga la mgongoni, akapanda kilimani kwenda kufagia. Watu wengine hufagia ua. Luu alifagia kilima kizima, kuanzia ukingo wa shamba la mpunga mpaka kileleni. Ukipita pale hukuona jani hata moja limelala chini.

Si yeye aliyeanzisha jambo hilo. Huko kwenye vilima vya Phu Tho, Vietnam, wanawake walifagia hivyo tangu zamani. Majani makavu ya mikaratusi yana mafuta, yanashika moto upesi. Nguruwe nao hawangoji. Kila siku wanataka sufuria kubwa ya uji wa pumba na mashina ya migomba, na uji huo unakula kuni kweli kweli. Tena Luu alipoolewa, siku ya tatu tu, mama mkwe alimwambia kwamba kilima kichafu ni aibu ya mwanamke wa nyumba. Mama mkwe alikwisha kufa miaka mingi, lakini Luu aliendelea kumwogopa.

Yeye na mumewe Khoat walipanda mikaratusi kwenye kilima hicho mara mbili. Mara ya kwanza miti ilikua kwa fujo. Baada ya miaka saba ilikuwa minene, mirefu, na wanunuzi waliisifu. Mara ya pili ilikuwa miembamba. Khoat alikuna kichwa, akamlaumu muuza miche. Walipoikata, walifanya kama walivyofanya siku zote. Magogo yaliuzwa. Matawi, maganda na majani yalikwenda jikoni. Hata visiki waliving'oa wakavifanya kuni. Vilivyobaki wakavichoma moto, kilima kikabaki chekundu na safi.

Mwezi huohuo Khoat akafa kwa maradhi ya kifua. Walimzika chini ya kilima, penye mikaratusi minne mikubwa ambayo hawakuikata ili iwe kivuli. Miche ya mara ya tatu Luu aliipanda na mwanawe Thuan, bila Khoat. Thuan alichimba mashimo, mama akaweka miche, mpaka jua likazama.

Sasa miaka miwili ilikuwa imepita. Miche ya umri huo ilitakiwa iwe imelipita paa la nyumba. Ile ya Luu ilikuwa haijavuka kifua chake, na majani yake yalikuwa ya manjano.

Thuan alikuja nyumbani kwa Tet, sikukuu ya mwaka mpya. Alifanya kazi kiwandani katika mji wa Bac Ninh, na siku za kukaa na mama yake zilikuwa chache. Alipanda kilimani peke yake, akarudi wakati wa kula. Walipomaliza kula, akasema lile alilokuwa nalo moyoni.

"Mama, kile kilima kimekufa. Hatuwezi kuendelea kujidanganya."

Luu akaendelea kupanga bakuli kama hakusikia.

"Tukirudishe kijijini, apewe mwingine," Thuan akasema. "Wewe uje tukae wote. Nina chumba, nitaongeza kitanda. Magoti yako hayakuruhusu kupanda kila siku kwenda kuchunga miti isiyokua."

"Na baba yako nimwache na nani?"

Thuan akamsogezea bakuli lililobaki. Alimpenda mama yake, na hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Kila mvua iliponyesha kule mjini alimwona mama yake akiteleza kwenye udongo ule mwekundu. Luu alijua hivyo, na kwa sababu alijua hakuweza hata kumkasirikia.

Wakaelewana hivi. Luu angepewa Tet mbili zaidi. Thuan akija mara ya pili na miti ikawa imempita, akinyoosha mkono asifikie vilele vyake, basi mama abaki na kilima chake. Isipofika, atafunga vitu vyake na kwenda mjini. Luu alikubali shingo upande. Usiku alilia kidogo, asubuhi akachukua reki.

Mvua za mwaka huo zilipoanza, alifika bi miti, yaani afisa misitu wa wilaya, mwanamke kijana aitwaye Mien. Alikuwa akipita kilima hadi kilima na pikipiki yake iliyojaa matope, kwa sababu si Luu peke yake aliyekuwa na miti ya manjano. Luu alimkaribisha chai ya majani mabichi. Kisha akampeleka kilimani, kwa maana, kusema kweli, Luu alitaka kusifiwa.

Mien alitazama huku na huku. "Shangazi, kilima hiki umekifagia wewe?"

"Mimi mwenyewe. Kila siku."

"Kisafi kuliko jikoni kwangu," Mien akasema, lakini hakutabasamu.

Akainama, akajaribu kuingiza jembe dogo ardhini. Jembe liligonga kama limegonga matofali. Alitoa bonge la udongo, mkavu ndani ijapokuwa mvua ilinyesha jana. Halikuwa na harufu yoyote. Maji yalikuwa yamepita juu juu, yakachora mifereji midogo, yakateremka na udongo mpaka kwenye mpunga.

Walishuka hivyo, wakichimba hapa na pale, mpaka wakafika karibu na kaburi. Hapo Mien akasimama. Mstari wa kwanza wa miche, ule uliokuwa mgongoni mwa kaburi, ulikuwa wa kijani kilichoiva. Miche saba, na yote ilikuwa mirefu kuliko wao wawili.

"Na hii je?"

Luu aliona haya kidogo. "Hii anaitunza mume wangu."

Mien hakucheka. Aliuliza taratibu kama kuna kitu Luu alifanya hapo ambacho hakukifanya kwingine. Luu akafikiri, akasema hapana, pale hafanyi kitu. Kaburi analifagia, bila shaka. Majani ya ile mikaratusi minne yanaanguka juu yake kutwa. Lakini majani ya kaburini hayachukui kwenda nayo nyumbani. Hawezi kupikia nguruwe kwa majani yaliyolala juu ya Khoat. Kwa hiyo huyasukuma tu huko nyuma, kwenye ule mstari, na kuyaacha.

"Miaka yote miwili?"

"Tangu tumzike."

Mien akapiga magoti. Alifunua majani ya juu, makavu. Chini yake yalikuwa meusi na laini, yameanza kuvunjika. Chini zaidi hayakuwa majani tena, yalikuwa mboji. Jembe likazama lenyewe. Nyungunyungu wawili wakajikunja, na katikati ya udongo kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa kushonea. Mien alichukua gao moja la udongo, la kujaza kiganja, akampa Luu anuse. Ulinuka kama msitu baada ya mvua. Luu aliijua harufu hiyo. Kilima chote kilinuka hivyo alipokuwa bibi harusi.

"Shangazi, kaa nikueleze," Mien akasema, nao wakakaa chini pale pale. "Udongo una watu wake. Hizi nyuzi ni kuvu. Wengine ni wadogo mno, macho hayawaoni. Kwenye gao hili moja wako wengi kuliko watu wote wa Vietnam."

Luu akaurudisha ule udongo chini polepole, asije akamwumiza mtu.

"Hao vijidudu wanakula nini? Majani, maganda, vijiti. Wanavivunjavunja. Ndani yake mna chakula kinachoitwa naitrojeni. Hicho ndicho kinachoupa mti ukijani na kuufanya urefuke. Jani likiwa zima, mzizi hauwezi kukila. Lazima wale wadogo wakitafune kwanza, kisha wanakiachia udongoni kidogo kidogo, na mti unapata."

"Na mimi nikiyachukua majani?"

"Umewanyima chakula. Wengi wanakufa njaa, waliobaki wanadhoofu. Jua linachoma udongo mtupu, mvua inabeba ule wa juu, ulio bora. Naitrojeni inapungua mwaka hadi mwaka. Miti ya kwanza ilikula akiba ya zamani. Ya pili ilikula masalio. Hii ya tatu imekuta chungu kitupu."

Luu aliuliza kuhusu moto. Alikumbuka kwamba baada ya kuchoma, miche huchangamka. Mien alikubali, akasema ni kweli, majivu huipa miche nguvu ya muda mfupi. Lakini sehemu kubwa ya naitrojeni haibaki kwenye majivu. Inaondoka na moshi. Luu akaukumbuka moshi wa siku ile, mzito na mweupe, yeye na Khoat wakiutazama na kusema kazi imekwisha.

Alishika tama. Miaka arobaini ya kuamka mapema, mgongo wake, magoti yake. Kumbe alikuwa akikibeba kilima chake mwenyewe tenga kwa tenga mpaka jikoni.

"Basi si yeye anayeitunza hii saba," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Hilo ndilo lililomwuma zaidi.

Mien aligusa yale majani meusi. "Shangazi, majani haya uliyaacha kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yake."

"Basi nadhani mnaitunza wote wawili."

Luu aligeuza uso, akajifanya anatazama mpunga.

Siku hiyohiyo walipanga la kufanya. Kufagia kukome. Magugu yafyekwe na kulazwa chini kati ya mistari, yasichukuliwe. Matawi manene yaliyokauka, Luu anaweza kuokota machache ya kuni, lakini majani, maganda na vijiti vibaki vilipoangukia. Kati ya mistari apande utupa, kile kichaka cha kurutubisha udongo, kwa sababu mizizi yake, kama ile ya kunde, inakaa na bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani. Ukirefuka aukate na kuulaza chini. Na siku miti itakapovunwa, wanunuzi wachukue magogo, vingine vyote vitandazwe kilimani bila moto.

"Na nguruwe?" Luu akauliza. "Nao nitawaambia wasubiri vijidudu?"

Mien alimfundisha kukatakata mashina ya migomba, kuchanganya na pumba na hamira kidogo, na kuyafunika kwenye pipa siku tatu. Chakula kikichachuka, nguruwe wanakila hivyo hivyo bila kupikwa. Luu hakuamini. Alijaribu kwa siri, akiwa tayari kuficha aibu. Nguruwe wakalilamba bakuli mpaka likasogea.

Lilibaki jambo moja, nalo lilimfurahisha. Majani makavu yakiwa mengi, moto ni hatari. Kwa hiyo alitakiwa kufagia ukanda wenye upana wa hatua kumi kuzunguka kilima chote, uwe mtupu, na majani yake kuyatupa ndani. Reki haikutupwa. Ilibadilishiwa kazi tu.

Majirani hawakunyamaza, wangewezaje? Bi Tham, aliyekuwa na kilima cha pili na ulimi mrefu, alisimama njiani na tenga lake mgongoni.

"Dada Luu, kilima chako kimeota ndevu. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi umezeeka. Mama mkwe wako angeona haya."

Pale kijijini siku za Tet hakuna anayefagia nyumba, asije akafagia bahati ikatoka mlangoni. Luu alilikumbuka hilo, akajibu bila kupandisha sauti, "Kwangu kilimani ni Tet mwaka mzima."

Bi Tham alicheka mpaka tenga likatikisika. Lakini alipokwenda zake, Luu aliona haya kweli. Usiku alimwota mama mkwe amesimama kilimani, ameshika kiuno.

Mwaka ukazunguka. Utupa uliota vizuri. Luu aliukata, akaulaza. Magugu aliyafyeka, akayalaza. Udongo ulianza kushika maji, na mifereji ile midogo ikafungwa na majani. Lakini miti haikurefuka. Ukiitazama vizuri, ilizidi kidogo kuwa ya manjano.

Tet ya kwanza ikakaribia. Hizo ni siku ambazo kila nyumba hufagia kila pembe kabla ya sikukuu, na makaburi husafishwa. Luu alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu. Mwaka mmoja ulikuwa umekwisha, umebaki mmoja. Akaichukua reki, akapanda mpaka katikati ya kilima, akaanza kuvuta majani. Alikuwa amejaza nusu tenga pikipiki ya Mien iliposimama chini.

Luu hakumsalimia. "Umenidanganya, binti. Tazama. Miti imekuwa ya manjano zaidi. Mwanangu atakuja kunichukua."

Mien alipanda mpaka alipo. Hakujitetea. Alisema kosa ni lake, kuna jambo alipaswa kulieleza mapema. Vijidudu walikuwa wamekaa na njaa miaka mingi. Sasa chakula kimeletwa kwa wingi, vijiti na maganda, chakula kigumu chenye naitrojeni kidogo. Wao wanaongezeka, na ili waongezeke wanaichukua hata ile naitrojeni kidogo iliyokuwa udongoni, wanaiweka miilini mwao. Kwa muda mti unakosa. Baadaye wanakufa, wengine wanazaliwa, na ile naitrojeni inaachiliwa.

"Haijapotea, shangazi. Iko ndani yao. Wanakula kwanza."

Luu alikaa chini kwenye majani. Akaikumbuka ada ya Tet. Nyumbani, Tet ikifika, aliweka sinia la chakula mbele ya picha ya Khoat, akawasha vijiti vya ubani. Kuku amechemshwa, wali wa kunata umefunguliwa, harufu inaita. Lakini hakuna aliyegusa. Walio hai walingoja mpaka ubani uishe, kwa sababu waliotangulia hula kwanza. Kisha sinia hushushwa, na kila mtu hula baraka yake. Hata Thuan alipokuwa mdogo na njaa inamliza, alingoja.

"Kumbe ni ubani tu haujaisha," akasema.

Mien hakuelewa, lakini alimwona akiinua tenga na kuyamwaga majani yote pale pale.

Thuan alipokuja Tet hiyo, aliitazama miti, kisha akamtazama mama yake. Luu akampa chai. Hakujaribu kumweleza. Mtoto alipoondoka baada ya siku tatu, Luu alisahau hata kumfungia wali wa njiani.

Mabadiliko yalikuja na mvua. Kwanza ulikuja ukijani, polepole, kutoka chini ya kilima kwenda juu. Luu aliuona lakini akaogopa kuusema. Kisha vilele vikaanza kupanda. Mwezi wa sita vilele vilikuwa usawa wa macho yake. Mwezi wa nane alivitazama kwa kuinua kidevu. Siku moja alichimba kwa kidole, katikati ya kilima, mbali na kaburi, akakuta nyungunyungu. Alimfunika upesi. Mwezi wa kumi Bi Tham alipita, akasimama, akauliza bila kumtazama usoni kama anaweza kupata mbegu za utupa. Luu alimpa kopo zima, na hakumkumbusha habari ya ndevu. Alitamani sana kumkumbusha, lakini alijizuia.

Thuan alifika siku mbili kabla ya Tet ya pili. Mama yake alikuwa jikoni akifunga wali kwenye majani, kwa hiyo kijana alipitia kilimani moja kwa moja. Alikuwa amejiandaa. Njia nzima ndani ya basi alitafuta maneno laini ya kumwambia mama yake.

Luu aliliona begi lake limeachwa kwenye ngazi. Akapanguza mikono, akatoka. Alitazama juu, hakuona mtu.

"Thuan," akaita.

"Niko huku, mama."

"Huku wapi? Sikuoni."

Kisha sauti ya mwanawe ikatoka katikati ya miti, na haikuwa sauti ya mtu mzima wa kiwandani. "Mama, niko katikati kabisa. Nimenyoosha mkono."

"Unafika?"

"Sifiki. Hata nikiruka sifiki."

Luu alikaa kwenye ngazi kando ya begi. Alilia na kucheka kwa pamoja, na safari hii hakugeuza uso.

Alipopanda kilimani, alimkuta Thuan ameshika reki. Majani yalimfika kwenye vifundo vya miguu, na mtoto mwema alitaka kumsaidia mama yake kusafisha kabla ya sikukuu. Alikuwa amekwisha kuvuta mara mbili. Luu akamshika mkono.

"Waache wale kwanza, mwanangu."

"Kina nani?"

"Shuka nikuonyeshe pa kufagia. Mengine nitakueleza ubani ukiisha."

Walifagia pamoja ule ukanda wa kuzuia moto, na kila jani wakalirudisha ndani. Walipofika kwenye kaburi, Luu alisukuma majani ya Khoat kule nyuma, mahali pake pa siku zote. Kisha wakasimama kidogo. Upepo ulipita juu, na ilibidi wote wawili wainue vichwa kuusikiliza.

"Na kile chumba cha mjini?" Luu akauliza. "Umekwisha kununua kitanda?"

Thuan alikuwa amenunua. Alitazama miti, akatazama kaburi la baba yake, akaibeba reki begani.

"Chumba gani, mama?"